Nafuu kwa Mibuni ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba
Baridi. Nimeoga kwa kujilazimisha. Miaka yote hii huku milimani Matiri, na damu yangu bado ni ya kwetu Kihagara, ya ziwani, inataka joto. Chai, magimbi ya jana, shule. Kidato cha Tatu wamekutana na neno ameliorate kwenye ufahamu. Nikawaambia ni kuboresha, watunge sentensi. Osmund akasimama kifua mbele: Baba Askofu alilifanyia hivyo kanisa letu zuri. Darasa likapiga makofi. Na mimi nikapiga. Jioni nimefungua kamusi, nimejiona mjinga. Neno hilo ni la kitu kibaya tu. Njaa, maumivu, hali ngumu. Kitu kizuri hakihusiki. Kesho nikawavunje moyo.

Jumatano, 11 Septemba
Bwana shamba amepita. Kazunguka mibuni aliyoipanda marehemu baba mkwe, kavunja tawi, katuonyesha lilivyokauka ndani. Imezeeka, haizai. Ikatwe ibaki visiki, kabla ya mvua, ichipue upya. Kastori mume wangu kafurahi kama kaletewa harusi. Tutaboresha shamba la baba, kasema. Mama mkwe alikuwa anageuza kahawa juani. Usiku hakula.

Ijumaa, 13 Septemba
Mama kasema. Siku panga litakapogusa miti ya mume wake, yeye anahamia kwa binti yake Ruanda, hii ya hapa hapa Mbinga. Hatishii. Begi limetolewa uvunguni, liko mlangoni.
Kaniita Mwalimu siku nzima. Akiwa na raha na mimi, mimi ni Mama Neema. Nimekasirika mpaka nikaunguza maharage. Nampenda mama huyu. Ndiye aliyenifundisha kulima ngoro, yale mashimo ya mlimani yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Mimi mtu wa mchangani, nateleza na jembe langu, yeye anacheka mpaka anakaa chini. Akihama, nyumba hii itabaki ya kulala tu.

Jumapili, 15 Septemba
Baada ya Misa ukoo ulikaa. Wanaume wameongea kwelikweli. Kila mmoja kuboresha, kuboresha. Shemeji aliyetoka Mbinga mjini ndiye aliyezidisha, na shati lake la kung'aa. Mama kajibu mara moja tu: "Kwani mume wangu alipanda vibaya?"
Kastori akaangalia viatu vyake.
Nimemwelewa leo. Si miti anayoililia. Anamtetea mtu asiyeweza tena kujitetea.
Tumetawanyika bila uamuzi. Begi liko palepale.

Alhamisi, 19 Septemba
Nilikuwa jikoni nachambua dagaa huku najisemea somo la kesho, kama kawaida yangu. Mama yuko kando ya moto, kanuna. Akauliza nabwabwaja nini. Nikamweleza. Kuna neno la Kizungu la kupunguza taabu iliyopo. Halimkosoi aliyekitengeneza kitu, wala halimtaji. Linaangalia panapouma tu. Akataka Kiswahili chake. Nilikitafuta wiki nzima na sikukipata, pale kikaja chenyewe: kutia nafuu. Kama mgonjwa.
Akasogeza kuni. Akakaa. Kisha:
"Sasa si mngesema miti inaumwa? Mgonjwa mimi nauguza. Baba yenu nani alimuuguza?"
Nikalia juu ya dagaa. Najifanya ni moshi. Hakudanganyika.

Jumamosi, 21 Septemba
Panga la kwanza kashika Mama mwenyewe. Bwana shamba alitaka kila mti uachiwe tawi moja la kupumulia mpaka machipukizi yapate nguvu. Mama ndiye aliyechagua, mti kwa mti, anaupapasa, anausemesha Kimatengo. Kastori akakata tawi lililochaguliwa libaki. Katukanwa mbele ya watoto wake, mtu mzima na ndevu zake. Nimefurahi kupita kiasi.
Ila shamba sasa linatisha. Visiki, na kitawi kimoja kimoja. Visipochipua, Mama hatatusamehe, na mimi ndiye niliyeleta neno. Begi halijaondoka mlangoni. Nalipita kila saa.

Alhamisi, 24 Oktoba
Bado. Mama anakwenda shambani kila asubuhi, anarudi bila habari. Siulizi. Kastori naye haulizi, woga mtupu. Osmund leo katunga sentensi ya neno lile, kuhusu dawa ya jino. Sahihi kabisa. Angalau huko kumechipua kitu.

Jumapili, 1 Desemba
Majilio yameanza. Mvua tangu alfajiri, laini. Kabla ya Misa Mama akaniita: "Mama Neema, vaa mabuti uje." Nikajua kabla sijafika.
Machipukizi ubavuni mwa visiki, kijani kibichi, mengi mno. Alikuwa anayapunguza kwa kucha, anabakisha yale manene. Akanionyesha nami nipunguze. Kanisani tulichelewa, tukakaa nyuma na tope letu.
Jioni nikaenda mlangoni kuliazima begi lake, nibebee madaftari ya mitihani. Halipo. Kalijaza mbegu za maharage na kulitundika jikoni penye moshi, wadudu wasiguse. Huku maharage yanapandwa Machi.
Madaftari nitayabeba kwenye kiroba.