Kijiko cha Pili

Jumanne, Februari 1998. Theluji tangu alfajiri, na hapa Kanada, mtaani Flemingdon Park, giza limeingia mapema kuliko jana. Nimewasha taa zote za nyumba. Bili ya umeme itajijua yenyewe.

Naandika kwa sababu nikinyamaza nitalia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nafanya kazi kwenye duka la Wakorea wawili, mume na mke. Mtoto wao ni Minho, na kwao kama kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo nawaita Baba Minho na Mama Minho. Minho mwenyewe yuko Seoul. Uchumi wa kule umeanguka, ofisi yake imefungwa, na hana nauli ya kuja. Ndiyo maana leo niliombwa nishike nafasi yake mezani.

Maana leo ni siku aliyofariki baba yake Baba Minho. Kila mwaka wanamwandalia chakula kwenye chumba cha nyuma ya duka: samaki, matunda, wali, kikombe cha pombe. Mlango wa nje wa chumba hicho unaachwa wazi ili aingie. Kisha kijiko kinasimamishwa wima katikati ya wali wake, na hiyo ndiyo karibu yake. Wali wa mtu aliye hai hausimamishiwi kijiko. Nimeokoka, na Pasta akisoma hapa anisamehe, nilidhani nakwenda kupanga sahani tu.

Lakini kuna bakuli jingine. Hilo halikai mezani. Linafunikwa kwa kifuniko chake cha shaba na kuviringishwa blanketi, kama chakula cha mtu aliyechelewa kurudi kazini.

Hilo ni la mama yake Baba Minho.

Mama alibaki Korea Kaskazini wakati wa vita. Baba Minho alivuka Kusini na babake akiwa bado mtoto, na tangu siku hiyo hajui kama mama yu hai. Simu hazivuki ule mpaka, barua hazivuki. Matumaini yake yote yako kwenye siasa, masikini. Redio haizimwi pale kaunta. Kusini wamechagua rais mpya anayesema atazungumza na Kaskazini, basi Baba Minho anaapa kwamba Kanada nayo itafungua ubalozi Pyongyang, na siku hiyo atapanda ndege na pasi yake ya Kanada akamtafute mama. Mama Minho humkata maneno. "Seoul inahangaika kuomba mikopo dunia nzima. Nani ana muda na mama yako?"

Basi leo jioni tulikuwa watatu mezani. Kengele ya duka ikalia, mteja anataka sigara, Baba Minho akatoka. Mama Minho akaniwekea vijiko mkononi. Viwili. Akaniambia, "Simamisha."

Mimi nikasimamisha. Cha kwanza kwenye wali wa mzee. Cha pili nikakishangaa, nikatazama huku na huku, nikaona bakuli kwenye blanketi. Nikalifungua, nikaliweka mezani, nikalaza kifuniko pembeni karibu na matofaa, nikakidunga kijiko wima. Nikajiona mwerevu kweli.

Baba Minho aliporudi alishika fremu ya mlango.

"Umemuua mama yangu," alisema. Hakupaza sauti. Jamani, afadhali angenitukana.

Na hakuweza kukitoa. Marehemu alikuwa ameshakaribishwa, na anayekula hasumbuliwi. Desturi inataka watu watoke, mlango wa ndani ufungwe, ale bila kutazamwa. Basi tukatoka. Tulisimama watatu kati ya chipsi na friji ya maziwa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Humo ndani kijiko kikaanguka.

Nilisikia. Wote tulisikia. Ni upepo, nikajiambia, mlango wa nje uko wazi na theluji inapuliza.

Kabla ya kuingia mtu hukohoa, ili marehemu ajue. Baba Minho alikohoa, akangoja, akakohoa tena, akafungua.

Theluji ilikuwa imeingia hadi miguu ya meza. Pombe kikombeni ilikuwa imeanza kuganda. Kijiko cha mzee kimesimama vilevile. Cha pili kilikuwa sakafuni, kikavu, hakina hata punje.

Na bakuli la mama lilikuwa na kifuniko chake.

Nililiacha wazi. Naapa nililiacha wazi.

Baba Minho aliniomba nilishike, yeye hakuthubutu. Nililishika. Lilikuwa la moto, kama limetoka jikoni sasa hivi, na chumba chote ni barafu. Nilipomwambia, alikaa chini sakafuni na kulia kwa furaha. Anasema kesho atapiga simu Ottawa kuulizia tena habari za ubalozi.

Wakati naondoka, Mama Minho alinifuata hadi mlangoni, rangi imemtoka usoni. Akanong'ona kwamba vijiko viwili alinipa makusudi. Amechoka kumpikia mtu anayesubiri serikali zipatane. Alitaka mkono wa mgeni ufanye asichothubutu yeye, ili mume wake aomboleze, apumzike. Kisha akaniuliza, "Kifuniko ulikirudisha wewe?"

Nikamwambia si mimi. Alinitazama sana kabla ya kufunga mlango.

Tangu nimefika nyumbani nawaza jambo moja. Mama yake Baba Minho hakuja pale. Aliyekuja ni mume wake, aliyefunguliwa mlango na kukaribishwa. Akakuta mkewe amewekewa kijiko cha wafu karibu naye, akakitoa.

Na yeye ndiye pekee anayejua kama mkewe ameshafika huko kwa wafu.

Kesho naanza saa moja asubuhi. Nitaingilia mlango wa mbele.