Picha Iliyopigwa Kutoka Chini

Kitongoji cha Mizunashi,
Iwate.
9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Katsuji,

Salamu nyingi. Naanza na hali ya hewa, kwa kuwa mama yetu alitufundisha kwamba barua isiyoanza na majira imeandikwa na mtu asiye na adabu, na mimi adabu bado ninazo. Majani ya mlimani yamekwisha kuwa mekundu na sasa yanapukutika. Asubuhi umande unaganda juu ya nyasi. Kule kileleni theluji imeshaanguka mara mbili. Je, huko Osaka hamjambo? Shinikizo lako la damu limeshuka? Mkeo Ritsuko anaendeleaje na mgongo wake? Natumaini nyote ni wazima, maana ninayotaka kukuambia yanahitaji mtu mwenye afya.

Mimi ni mzima. Ungetaka kujua hilo ungeniuliza mwenyewe, si kumpigia simu Bi Oikawa wa nyumba ya pili.

Ndiyo, ameniambia. Alikuja na bakuli la figili za chumvi, akakaa saa mbili akizunguka mbuyu, mwishowe akamwaga yote. Kwamba ulimwomba atege sikio kila asubuhi, asikilize kama pikipiki yangu inatoka, ahesabu mara ngapi kwa wiki, akupe habari. Akaniambia, "Shoga, usimkasirikie, ana wasiwasi tu." Katsuji, yule ni rafiki yangu wa miaka hamsini, na wewe umemgeuza askari kanzu. Figili zake nilizila kwa sababu zilikuwa nzuri, lakini nilizila kwa hasira.

Nitakueleza tena kuhusu pikipiki, kwa kuwa hujawahi kusikiliza. Miaka arobaini na mitatu nimesambaza magazeti kwa pikipiki katika bonde hili, alfajiri, theluji au mvua, na sikuwahi kuangusha hata gazeti moja. Nilipoacha kazi nilinunua kamera. Naenda peke yangu, mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, hata muuza tofu ananipita akipiga honi. Naenda hivyo kwa sababu mnyama haogopi mlio unaokwenda polepole bila kubadilika. Anaogopa mlio unaokatika ghafla. Kwa hiyo nikikaribia mahali pazuri nazima injini mapema, juu ya mteremko, naiacha pikipiki ishuke yenyewe kimya, kamera ikiwa kifuani. Hivyo ndivyo nilivyompata mbweha akitafuna theluji, na bundi mchana kweupe kwenye tundu la mti. Unaita jambo hili "mchezo wa uzeeni". Ulisema hivyo mbele ya wageni wako, na Ritsuko aliona haya kwa niaba yako.

Umri wangu naujua, miaka sabini na sita, usinikumbushe. Mwezi wa tano nilifanya ule mtihani wa kumbukumbu wanaowapa wazee kabla ya kuhuisha leseni. Nilikumbuka picha kumi na nne kati ya kumi na sita. Wewe mwaka jana ulisahau siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe.

Nilikutumia mwezi uliopita kwa sababu ndiyo picha bora niliyopiga maishani mwangu, na nilitaka mtu wa damu yangu awe wa kwanza kuiona. Kamoshika, mbuzi-mwitu wa milima yetu, amesimama hatua sita tu kutoka kwenye kamera, manyoya yake ya kijivu yamejaa umande, miguu minne imekita kwenye majani mekundu, pembe zake fupi zimechomoza kwenye anga. Anakutazama machoni kama mkwe anayengoja uondoke. Nilikaa kando ya simu nikingoja useme kitu. Ulipiga, ukasema, "Dada, ulikuwa umelala chini?"

Nikakujibu kwamba nilichuchumaa.

Ukasema, "Dada, wewe na lile goti hujachuchumaa tangu maziko ya mama."

Hukusema kwamba ni picha nzuri. Hata leo hujasema.

Nilikata simu, na hilo najua halikuwa jambo la kiungwana. Lakini baada ya hapo nilingoja ufanye jambo moja, na wewe ukafanya mengine yote. Ulimpigia Bi Oikawa. Ukampigia na afande Kumagai wa kituo cha polisi cha hapa bondeni, kijana wa miaka ishirini na tisa niliyekuwa nikimwachia babu yake gazeti mlangoni. Siku ya maonyesho ya sanaa ya hapa bondeni, tarehe tatu mwezi huu, picha yangu ilitundikwa ukumbini katikati ya maandishi ya brashi na vyungu vya kina mama, na watu walikuwa wamejaa mbele yake. Akaja na sare zake. Akainama kwa heshima, akaisifu picha, kisha akaniuliza mbele ya wote nilikuwa nimekaa wapi nilipoipiga. Nilijua papo hapo swali lile limetoka Osaka.

Kisha akaanza kunieleza faida za kurudisha leseni kwa hiari. Kwamba napewa kadi.

"Bibi, ukiwa na ile kadi, bafu la maji moto unalipa nusu."

Nikamuuliza bafu liko wapi. Akasema mjini. Nikamuuliza nitafikaje.

"Kwa basi, Bibi. Nalo pia ni nusu."

"Basi lipi, mwanangu? La Jumanne au la Ijumaa?"

Watu walicheka, naye akawa mwekundu mpaka masikioni, nikamhurumia kwa sababu hakuwa na kosa. Lakini walipomaliza kucheka walirudi kuitazama picha, na safari hii hawakumtazama mnyama. Niliwaona. Walikuwa wanapima kwa macho. Mmoja alipiga goti sakafuni aone kamera ilikuwa usawa gani. Picha yangu, Katsuji, umeifanya ushahidi. Afande aliniomba pia aione pikipiki, akague breki. Nikamwambia mlango wa banda umekwama.

Basi nisikilize, nitasema mara moja tu. Nilianguka. Tarehe ishirini na moja Oktoba, kwenye mteremko wa matanuri ya zamani ya mkaa, nikiwa nimezima injini kama kawaida. Sindano za misonobari zilikuwa zimelowa, gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikanilalia mguu wa kushoto. Nililala chini pale kama saa nzima. Kengele ya kufukuzia dubu nilikuwa nimeifunga kitambaa, isiwakimbize wanyama, kwa hiyo haikulia, na kuifungua sikuweza, ilikuwa mbali na mkono wangu. Niliita mara chache nikaacha, maana nilikuwa najiaibisha bure. Niliogopa. Sikumbuki kuogopa vile tangu nilipokuwa msichana.

Halafu akatokea yule kamoshika. Unajua tabia yao, hawakimbii, wanasimama kukukodolea macho. Akasimama kunitazama bila haraka yoyote. Nikawaza kwamba nikifa hapa, huyu ndiye aliyekuja. Nikanyanyua kamera.

Baadaye nilipata tawi, nikalisukuma chini ya tangi, nikauchomoa mguu. Nilishuka kwa miguu kilomita saba. Sikuvunjika mfupa, ni michubuko tu, na sasa imekuwa ya njano.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na usahihi wako kaa nao. Kinachoniudhi si kukisia kwako. Ulijua tangu siku ile ya simu kwamba dada yako alilala chini msituni peke yake. Wiki mbili zimepita. Treni ya asubuhi kutoka Osaka inakufikisha Morioka mchana. Ukamtuma jirani, ukamtuma polisi, kila mtu mwenye miguu umemtuma isipokuwa wewe. Hujakanyaga hapa kwa miaka tisa. Siku ulipoondoka kwenda kazini ukiwa na miaka kumi na minane, nilikupeleka stesheni nyuma ya pikipiki ya magazeti, umenishika kiuno huku unalia, na sikumpigia mtu simu aje akuchukue.

Bi Oikawa anakuambia, najua, kwamba siku hizi hasikii injini, kwamba Fumiyo ametulia. Sijatulia. Banda ni tupu. Pikipiki bado iko kule kule ilikoangukia, imelala ubavu, na kila nikienda naikuta imefunikwa na majani zaidi. Nimepanda mara tatu kwa miguu. Nimeivuta, nimetia gogo chini yake, nimeitukana. Hainyanyuki. Wote mnaotaka kuninyang'anya ufunguo mnagombea ufunguo wa chombo ambacho siwezi hata kukisimamisha.

Sikumwomba mtu wa hapa, kwa sababu wangejua. Nakuomba wewe kwa kuwa umeshajua tayari. Mmoja ashike usukani, mwingine anyanyue nyuma, ni kazi ya dakika mbili. Tukishaisimamisha tutagombana kuhusu leseni, nami nitakusikiliza, lakini tuwe tumesimama wote wawili. Theluji ikifika chini, barabara ya mlimani itafungwa mpaka Aprili, nayo itabaki pale chini majira yote ya baridi.

Matunda ya kaki nimeyamenya na kuyatundika barazani yakauke kama kila mwaka. Safari hii situmi kwa posta. Anayeyataka atayala hapa.

Nisalimie Ritsuko, umwambie apumzishe mgongo na asikubebee mizigo. Msalimie mjukuu wako Mio. Picha ya mbweha aliyoniomba iko tayari, nitampa babu yake mkononi. Bi Oikawa anakusalimu pia, ingawa nadhani mmeshasalimiana vya kutosha. Wazee wetu waliotangulia, ambao asubuhi ya leo nimewawekea wali kwa niaba yetu sote wawili kama siku zote, wakulinde njiani. Njoo na viatu vya mpira na glavu.

Dada yako akupendaye, na hasira zake bado anazo,

Fumiyo