Nabeba Sahani Huku Salamabila

Salamabila, siku ya Mungu

Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na Mama na nyumba yote hapo Kasongo. Goti lako linasemaje? Nilisikia kwamba sasa unakwenda kanisani na fimbo, nami nikaogopa, kwa sababu wewe si mtu wa kushika fimbo bure. Na mpunga umefikia wapi? Huku mvua hainyamazi. Kama na kwenu ni hivyo, Mama asiende shambani peke yake kufukuza ndege, ile njia ya bondeni inateleza. Mimi mwili ni mzima. Ninakula, na kichwa hakiniumi tena kama zamani.

Paskali alinipigia simu juzi. Sikuweza kumjibu kaka yangu vizuri, kwa sababu huku ukitaka rezo ya simu lazima upande kilima, na kule juu mko wengi, kila mtu anasikia maneno ya mwenzake. Ndiyo maana naandika, na barua hii nampa motari mmoja, mwenye pikipiki ya kubeba watu, ninayemwamini. Paskali alinipa maneno yako kama ulivyoyasema: kwamba watu walikuuliza mbele ya kanisa kama ni kweli binti yako, yule wa redio, anauza pombe kwa wachimba dhahabu. Kwamba uliangalia chini. Kwamba yeye atakuja na pikipiki kunichukua.

Baba, siuzi pombe. Lakini nabeba sahani, hiyo ni kweli. Nahudumia watu katika resto ya Mama Furaha, mjane aliyetoka upande wa Fizi. Naleta bugali na sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, samaki akipatikana. Nafuta meza, naosha masufuria. Asubuhi nagawa chai kwa wale wanaokwenda mashimoni. Nataka usikie kutoka kwangu mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Unajua redio yetu ya Kabambare ilifungwa, lakini sababu sikukueleza yote. Wamama waliotoka mashambani walikuwa wakisimamishwa kwenye barieri, mti waliolaza njiani wale vijana wenye bunduki. Kila mmoja aliacha sehemu ya mpunga wake, na aliyekataa alipigwa. Wakaja kwetu redioni, wakasema wamechoka. Niliwapa mikro bila kutaja majina yao. Mmoja alizungumza kuliko wote. Alieleza waziwazi alichofanyiwa binti yake pale barieri, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Jioni ile Kabambare nzima ilisikiliza. Haukupita muda, wale vijana wakaja. Walivunja mashine, wakaangusha mlingoti, wakabeba hata viti. Mkurugenzi wetu alikimbilia Kindu, na sisi wengine kila mtu akashika njia yake.

Nilitafuta kazi, Baba, usifikiri nilikaa tu. Nilimwomba prefe, mkuu wa shule moja, anipe hata saa chache za Kifaransa. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema, "Dada Feza, kila mutu hapa anajua sauti yako. Wale wakisikia uko kwangu, watafuata watoto." Kwenye duka la dawa walinijibu vilevile. Diploma yangu ya uandishi wa habari, ile mliyoitundika ukutani sebuleni, haikuwa na kazi tena. Nikachagua Salamabila kwa sababu huku karibu kila mtu ni mgeni, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi.

Mwanzoni nililia. Si kwa uzito wa kazi. Kazi nimeizoea toka kwa Mama. Ni vile mtu anavyogonga meza bila hata kukuangalia: "Wewe! Maji!" Mimi, ambaye watu walikuwa wakinyamazisha watoto ili wanisikie. Nilikuwa nimemweleza Mama Furaha kila kitu kabla hajanipa kazi, naye hakuniogopa. Alinishauri tu, "Hapa ongea kidogo. Uliza, leta, rudi jikoni." Nikafanya hivyo, na miezi ikapita.

Halafu ikaja siku ninayotaka kukuambia. Ilikuwa saa ya kula, mvua inapiga mabati, resto imejaa wachimbaji wenye udongo hadi magotini. Wakaingia watu watatu. Mmoja alivaa koti la mvua, na wenzake walimwita Shefu. Sura yake sikuijua. Nikaenda kwenye meza yao nikauliza kama ninavyowauliza wote, "Mutakula nini?"

Yule Shefu akainua kichwa.

"Rudia."

"Mutakula nini, Shefu?"

"Sema: habari za jioni, wasikilizaji wa Kabambare."

Mama Furaha alitoka jikoni mwiko mkononi, akasema haraka, "Shefu, huyu ni mukwe wangu wa Nyangwe. Mambo ya redio hajui."

"Nimemuuliza yeye."

Watu waliacha kula. Nilifikiri, nikikataa watavunja nyumba ya huyu mama aliyenipokea, nikisema nimejikamatisha mwenyewe. Lakini alikuwa amekwisha kujua, Baba. Niliona hivyo usoni pake. Basi nikasema yale maneno, pole pole, jinsi nilivyokuwa nikiyasema kila jioni.

Akatabasamu. "Ni sisi tulifunga ile redio yako."

"Najua sasa," nikamwambia.

"Sikukufuata wewe. Wewe ulikuwa na mikro tu. Yule mama aliongea juu ya binti yake, anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Akavuta koti lake pembeni nione bastola.

"Angalia," akasema, na aliongea kwa upole kabisa, ndio ulioniogopesha zaidi. "Kazi yako ya redio ilikufa. Leo uko unabeba sahani. Hakuna mutu atakuuliza tena siri za redio. Sema jina, ulete chakula, tutakula, tutakwenda."

Baba, nitakuambia ukweli. Lile jina lilinifika mdomoni. Nilimwona yule mama kama alivyokuwa siku ile, amekaa kwenye kiti chetu kilichovunjika mguu, anashikilia kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Nikasikia nasema, "Aliniamini, Shefu. Jina lake sitalitoa. Kama sauti ya siku ile iliwauma, niliyeitoa hewani ni mimi. Niko hapa."

Akasimama. Na wenzake wakasimama.

Ndipo mtu mmoja kutoka meza ya pembeni, mchimbaji ambaye sijui hata jina lake, akapaza sauti: "Dada! Bugali yangu iko wapi?" Sahani yake ilikuwa mbele yake, imejaa. Sikuelewa. Mwingine akasema, "Na mimi, dada, nimengoja sana!" Na mwingine, "Lete sombe huku!" Ikawa resto nzima inaniita, wanagonga meza kwa viganja, wengine wamesimama, dada huku, dada kule. Wale watatu walizungukwa na watu wenye njaa ambao hawakuwa na njaa. Mama Furaha akanisukuma mgongoni: "Nenda, huoni wateja wanakuita?" Nikaanza kutembea kati ya meza, nikichukua sahani zilizojaa na kuzirudisha palepale, mchuzi unanimwagikia.

Shefu aliangalia huku na huku. Akafunga koti lake. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Kasongo si mbali." Wakatoka, wakapanda pikipiki zao, wakaenda na mvua ileile.

Yule motari anayekuletea barua hii ndiye niliyemtuma kwa mama yule siku hiyohiyo. Yule mama amekwisha kuhama na binti yake. Wako salama, na walipo hata mimi sikutaka kuambiwa.

Sasa unaelewa, Baba, kwa nini nasema Paskali asije. Wale watu wako njiani, na pikipiki inayotoka Salamabila na mimi nyuma yake itawafikisha mpaka mlangoni kwenu. Huku ninao watu. Tangu siku ile hakuna anayenigongea meza kwa kidole. Wengine wananiletea habari zao: huyu anatafuta ndugu yake aliyepotea mashimoni, yule mke wake amejifungua mapacha Kabambare. Wanaomba niziseme wakati wa kula. Nasimama kwenye mlango wa jiko na kuzisema, na watu wanaacha kutafuna. Mama Furaha anagomba kwamba chakula kinapoa, lakini na yeye anasikiliza.

Siyo kwamba siogopi. Kila kivuli kikiziba mlango naangalia kwanza mikono ya anayeingia. Lakini wakikuuliza tena mbele ya kanisa, waambie ni kweli, Feza anabeba sahani. Usiangalie chini unapowaambia.

Nisalimie Mama, mwambie kitenge alichonipa ndicho ninachofunga kiunoni kazini. Nisalimie Paskali na shemeji, na shangazi Vumilia anayeimba kwaya, na babu mdogo mfuma vikapu, na mama mkwe wa Paskali ambaye huwa anasema sauti yangu ni nzito kama ya mwanaume. Mchungaji naye mwambie aniombee, na amtaje Mama Furaha kwa jina. Usiku wenu uwe mwema, na Mungu asiache nyumba ile.

Naishia hapa. Pikipiki zimesimama nje, mbili au tatu, na Mama Furaha ananiita. Labda ni wateja tu. Naenda kuwapokea.

Ni mimi binti yako,

Feza