Kanuni ya Kutoamini Sura

Vudee, Same
9 Juni

Kaka yangu mpendwa Zefania,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe, wifi na watoto. Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua baridi ikizidi, ila mdomo wake haujaugua.

Mimi bado niko likizoni na vitabu vyangu. Uliniuliza kwenye simu ninasomea nini hasa, ukacheka kwamba nahangaika na marehemu asiye na kaburi. Ni lugha iliyozaa Kiingereza, Kilatini, Kiajemi na nyingine nyingi, na hakuna aliyewahi kuiandika. Tunalinganisha vitenzi vya watoto wake, tunakisia mzizi wa mama yao, kisha tunauwekea nyota mbele, yaani huu hakuna aliyeusikia. Kanuni ya kwanza ni kutoamini sura. “Habere” ya Kilatini na “have” ya Kiingereza zote maana yake ni kuwa na kitu, na ukiziona utaapa ni ndugu. Si ndugu. Ndugu halisi wa “have” ni “capere”, kushika, ambayo haifanani nayo hata kidogo. Undugu tunautafuta kwenye mwenendo wa sauti, neno baada ya neno.

Sasa habari ya Sadock. Najua unajiandaa kuja kumchinjia mbuzi huyu mdogo wako aliyerudi kutoka Ziwa Jipe baada ya miaka yote ile, na kumgawia shamba lake. Sura ni yake kweli, na pua ni ile ile ya marehemu Baba. Lakini juzi ilikuwa zamu yetu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Alikwenda mferejini akaziba njia ya jirani kabla ya kufungua ya kwetu. Maji yakapanda, yakavunja ukingo, yakazoa tangawizi ya Mama Tumainieli. Kaka, hapa hata mtoto anajua unafungua kwako kwanza. Mimi mwenyewe nilifundishwa na Sadock.

Nilimuuliza pale pale kwenye matope yeye ni nani. Hakubisha. Alisema anaitwa Hamidu, alikuwa akivua katika mtumbwi mmoja na Sadock, na kwa kufanana kwao wavuvi waliwaita mapacha. Masika iliyopita mtumbwi ulipinduka. Sadock hakutoka hai, wakamzika huko huko. Alipanda huku kutuletea msiba, ila Mama alimkumbatia mlangoni akiliita jina la mwanawe, naye akashindwa kufungua kinywa.

Nilipomwambia Mama nilidhani ataanguka. Alisema alijua tangu asubuhi ya pili, alipomkuta nyuma ya jiko akiswali, na tangu siku hiyo amekuwa akimwachia kopo la maji ya kutawadha kila alfajiri. Mimi niliyelala hadi jua kupanda sikuona kitu. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema angemuuliza huyu ni nani, ingembidi amuulize pia Sadock yuko wapi. Nililia, kaka, mimi na kanuni zangu.

Kwa hiyo njoo, lakini mbuzi asubiri. Hamidu atatupeleka kaburini kwanza, ndipo tukae msiba. Habari ya shamba utaamua wewe, ndiye mkubwa wetu.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana. Ningempa kalamu aongeze neno, lakini hayupo ndani. Zamu ya maji imerudi, naye na magoti yake yale amekwenda mferejini. Namsikia kutoka hapa akipaza sauti: Hamidu, mwanangu, fungua kwetu kwanza.

Mdogo wako,
Asteria