Jambo Moja la Kuacha

Jumatatu, 4 Agosti
Alfajiri nimeoga, nimewasha taa ya samli, nimesoma beti zote za kuacha tamaa bila kufungua kitabu. Nimezimaliza kabla chai haijachemka. Mwaka mzima nimezikariri. Jumapili nitazisoma hekaluni, na Tabora hii hakuna anayezijua kama mimi. Najisifu? Ndiyo. Lakini ni kweli.

Desturi ya hekalu letu la Kihindu: msomaji hutangaza jambo moja atakaloacha maisha yake yote. Nimechagua mlenda.

Jumanne, 5 Agosti
Mama Kulwa, ninayepika naye mwaka wa ishirini huu, amecheka mpaka akaweka mwiko chini. "Bibi, mlenda hujaugusa tangu nikufahamu. Unaacha nini hapo?"

Mkristo wa Moraviani ananifundisha dini yangu. Nimekasirika. Kisha nikaona anasema kweli.

Basi asali. Ile nyeusi ya Sikonge, ninayotia kwenye chai tangu utotoni. Nimempa dumu zima aende nalo kwake Ipuli.

Alhamisi, 7 Agosti
Chai haina ladha. Navumilia, tena vizuri.

Hansa amekuja. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa msomaji wetu kabla yangu. Ibada hii ya mwaka ni ya kwanza bila yeye. Anaomba Jumapili asome yeye, mara hii tu, kwa ajili ya mumewe. Sauti yake inakwaruza na beti hazijui sawasawa. Nimemkatalia. Nimesema mambo yameshapangwa. Ameshukuru, akaondoka bila kugusa chai yake.

Nimefanya sawa.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikufanya sawa.

Leo nimekwama katikati. Ubeti wa kuachia kile moyo ulichokishika. Naujua vizuri, ulimi umegoma. Nimeanza upya mara tatu. Siku mbili bila asali nikajiona mtakatifu, kumbe ninachokitaka hasa ni kile kiti cha mbele na watu wakinitazama. Naona haya.

Mchana nimekwenda kwa Hansa kwa miguu. Nimemwambia asome. Amelia. Mimi sikulia. Nilikuwa na wivu.

Jumapili, 10 Agosti
Hansa amesoma. Ameruka beti mbili, mwingine akaurudia. Hakuna aliyegundua ila mimi. Nimekaa nyuma kabisa, midomo nimeibana. Nilitamani kumsahihisha hadi jasho likanitoka. Sikumsahihisha. Mwishoni alipotaja jina la mumewe, sauti yake haikukwaruza hata kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti
Mama Kulwa amerudisha dumu. Anasema sikusoma, kwa hiyo sikutangaza, kwa hiyo asali ni yangu. Sikubishana. Vijiko viwili.

Kisha nimekaa barazani, nimesoma beti zote mwanzo hadi mwisho. Sikukwama popote. Mama Kulwa alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua.