Aliyegonga Bila Hodi

Dada yangu,

Sisi tuzima, bado tumejifungia humu saluni kwangu. Shemeji yako amejifunza kusuka, ila mistari yake inakwenda upogo! Tulicheka huku tumeziba midomo, maana wafu wanaozurura nje hufuata kelele.

Umeuliza habari za Baba, nami nazungukazunguka tu.

Tulikubaliana kwamba wafu hawasemi, kwa hiyo asiyepiga hodi hafunguliwi. Juzi Baba alitoka kumtafutia mwanangu dawa ya homa. Kikohozi kilikuwa kimemkausha Baba sauti kabisa, na wote tulijua. Mlango ukagongwa. Nikauliza, "Nani?" Kimya. Ukagongwa tena, taratibu, kwa adabu. Nafsi ikaniambia wafu hawagongi, wao husukuma. Niliisikia, dada. Nikaegemeza mgongo mlangoni, nikakaza miguu mpaka kugonga kukakoma.

Asubuhi tulikuta dawa kizingitini.

Mtoto amepona, anamuulizia babu yake. Namwambia amekwenda kwako. Lakini yuko hapa nje, na shati lake lile la bluu. Hagongi tena. Anasukuma.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unanikubali.