Saa Iliyosimama kwa Baridi

Msanzi, 7 Julai 1997

Mwanangu Fransiska,

Salamu nyingi toka nyumbani. Sisi wazima, ila mama yako anakohoa kwa baridi hii. Ulezi tumeshautoa shambani. Wewe na kazi ya ufundi huko Dar mnaendeleaje?

Kile kisanduku cha kupima friji ya chanjo, kilichotoka karakana yenu, kimeniponza. Wakaguzi walikuja wakasoma kumbukumbu zake: tarehe za ajabu, na siku tisa za Juni hazipo kabisa. Daftari langu lina vipimo vya kila asubuhi na jioni. Mkubwa wao akaniambia, "Mzee Baltazari, kompyuta haina sababu ya kudanganya. Wewe unayo."

Chanjo zote zimemwagwa. Nami nimesimamishwa, baada ya miaka kumi na tisa ya uuguzi. Mwanangu, kisanduku kinaweza kukosea?

Ni mimi baba yako.


Dar es Salaam, 21 Julai 1997

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo. Mpe mama pole. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Baba, saketi ya saa iliyo ndani ya kisanduku niliichora mwenyewe. Umeme wa sola ukikatika, betri ndogo, bapa kama shilingi, inaushika mzigo na saa inaendelea. Niliijaribu hapa wiki sita, haikupotea hata dakika. Usinikasirikie nikiuliza: zile siku za msiba wa baba mdogo Romani, hukumwachia mtu friji?

Mwanao, Fransiska.


Msanzi, 18 Agosti 1997

Fransiska,

Hatujambo.

Siku za msiba nilipita zahanati alfajiri na jioni, kila siku. Hilo nilishawajibu wakaguzi. Sikujua nitakujibu na wewe.

Nina jambo moja tu. Kristiana, anayeshika nafasi yangu, anasema sola ikizimika mchana, saa inabaki sawa. Ikizimika alfajiri, baridi ikiwa kali, ikiwaka tena inaanza tarehe mosi Januari. Ameona mara nne.

Baba yako.


Dar es Salaam, 2 Septemba 1997

Baba, shikamoo. Naomba radhi hata kabla ya kuwajulia hali.

Huku hakuna baridi, sikuwahi kuifikiria. Nilimwomba mama Lydia wa dukani aniwekee kisanduku kingine kama hicho kwenye friji yake ya soda, nikakikatia umeme. Baada ya saa mbili nikakiwasha: tarehe mosi Januari. Nikarudia mara tano.

Kosa ni langu. Kati ya betri na saa niliweka diodi mbili, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Moja ilitosha, ya pili niliongeza kwa woga. Kila moja inakula nguvu kidogo, na kwenye baridi inakula zaidi, huku betri yenyewe ikilegea. Inayobaki haitoshi kuendesha saa, ndiyo maana zile siku tisa za Juni ziliandikwa kwa tarehe za Januari.

Nilimwambia bosi. Akasema, "Badilisha kimya kimya. Siku hizi kila mtu anafungua karakana, wateja watatukimbia." Nimewaandikia wakaguzi, pamoja na vipimo vyote na jina langu chini. Nakala hiyo hapo.

Baba, nilikiamini kisanduku kuliko wewe.

Mwanao.


Msanzi, 20 Oktoba 1997

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mama yako amepona kifua.

Jumatatu iliyopita nilirudi kazini. Yule mkubwa aliisoma barua yako mbele ya watumishi wote, akanipa mkono. Chanjo mpya zilipofika walikuja akina mama sitini na mmoja. Mtoto wa Jenifer, jirani yetu, alikuwa ameshaugua surua mwezi Agosti. Yuko hai, lakini sikio moja halisikii vizuri. Sikuandikii hili kukuumiza. Najua ungetaka kujua.

Ile barua yako ya Julai iliniuma, sikufichi. Hii ya pili nilikwenda nayo shambani nikakaa nayo peke yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpa mgonjwa dawa ya mwenzake. Alipona, hakuna aliyejua, nami nikanyamaza. Hata mama yako hajui. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia, kwa sababu wewe ulisema.

Nyuma ya bahasha umeandika anwani nyingine, si ya karakana. Hukueleza, lakini nimeelewa. Chumba chako mama yako amekifagia tangu jana.

Baba yako.